Gogo wa Ndalat, Mkunga Aliyevaa Sare ya Shule

Hotuba iliyotolewa mjini Eldoret mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa madarasa ya elimu ya watu wazima

 

Jina la ngumbaru wengi wenu hamlipendi, na si ajabu. Mtu mzima akionekana anaelekea darasani jioni na kalamu mfukoni, vijana wa stendi ya bodaboda humuuliza kama naye sasa yuko darasa la kwanza. Wengine huficha daftari ndani ya mfuko wa mboga ili jirani asilione. Leo anakumbukwa mama mmoja aliyeulizwa swali hilo akiwa amekaribia miaka tisini. Yeye hakuficha daftari. Alivaa sare, akavuta sweta juu yake, akaenda.

Jina lake lilikuwa Priscilla Sitienei. Kijijini kwake Ndalat, katika kaunti jirani ya Nandi, watu walimwita Gogo, yaani nyanya. Kwa Wakalenjin hilo ni jina la kila bibi mzee, lakini kwa miaka yake ya mwisho lilitosha kumtambulisha yeye peke yake, kuanzia Ndalat hadi Ufaransa.

Alizaliwa mwaka 1923. Wazee waliopo hapa wanajua maana ya mwaka huo. Ndio mwaka serikali ya kikoloni ilipomkamata Barsirian arap Manyei, kiongozi wa Wanandi, na hakuachiliwa hadi mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari imepata uhuru. Priscilla alizaliwa, akakua, akawa mama mzima na kuanza kazi ya ukunga, mzee huyo akiwa bado kizuizini. Miaka miwili baada ya kuzaliwa kwake serikali ilifungua shule Kapsabet, nayo ilikuwa ya wavulana. Msichana wa wakati ule alikuwa na kazi zake: ng'ombe, kuni, maji, wadogo zake. Priscilla hakupata nafasi ya kujifunza kusoma wala kuandika. Mwaka 1939 Biblia nzima ilichapishwa kwa Kinandi. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita hivi. Neno lilikuwa limefika kwa lugha ya mama yake, ila kwake lilibaki limefungwa, na lilikaa hivyo kwa miaka sabini na zaidi.

Hapa ndipo panapofaa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi humkumbuka Gogo kama kioja. Picha yake ilizunguka dunia nzima: bibi mwenye mvi, sare ya shule, watoto pembeni. Watu wakacheka kwa upendo, wakaendelea na shughuli zao. Kazi aliyoifanya kabla ya kuvaa ile sare haikuonekana kwenye picha, na bila hiyo kazi hataeleweka.

Alikuwa mkunga. Alizalisha akina mama kwa zaidi ya miaka 65. Fikirini maana yake katika kijiji kimoja. Mtoto anazaliwa mikononi mwake, anakua, anaanza shule, kisha siku moja usiku mlango unagongwa, na anayelia kwa uchungu ndani ya nyumba ni yule yule mtoto, sasa akiwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita. Mwalimu huweka alama ya kutokuwepo kwenye rejista. Chifu husikia baadaye. Mkunga ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba msichana fulani hatarudi darasani, kwa kuwa yeye ndiye aliyempokea mtoto wake.

Mkunga pia huona kinachofuata. Anaona binti amekaa jikoni kwa mama yake na mtoto mgongoni, wenzake wakipita barabarani na sare. Anaona kijana aliyehusika akiendelea na masomo kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya miaka michache anaitwa tena nyumba ile ile. Gogo alilisema hili waziwazi alipohojiwa: kwamba aliona watoto waliopotea, watoto wasio na baba, wanaozunguka tu bila tumaini, na kwamba watoto wengi wakubwa hawako shuleni na wengine wao tayari ni wazazi.

Kwa hiyo alipowakuta njiani aliwauliza kwa nini hawako shule. Walimjibu kwamba wamekuwa wakubwa mno. Yeye naye akawa na jibu ambalo hakuna ofisa wa elimu angeweza kulitoa: yeye yuko shuleni, basi nao waende.

Jibu hilo lilimgharimu. Ili aweze kulisema ilibidi kwanza aende shule kweli. Alipokwenda kuomba nafasi katika shule ya Leaders Vision huko Ndalat, mara ya kwanza hawakumkubali. Na nani angewalaumu? Mwalimu ana darasa la watoto, ana silabasi ya kumaliza, na mbele yake amesimama bibi aliyezidi miaka themanini akitaka dawati. Lakini hakuchoka kurudi, na wakaona kwamba hatanii. Akaingia mwaka 2010 hivi. Habari zake zilipotangazwa kote duniani mwanzoni mwa mwaka 2015, alikuwa darasa la nne, akisoma na watoto wa miaka kumi hadi kumi na minne. Baadhi yao alikuwa amewazalisha mwenyewe. Vitukuu wake sita walikuwa katika shule hiyo hiyo.

Alilala bwenini. Hili linashangaza wengi kuliko hata sare, kwamba mama wa umri ule aliacha nyumba yake na kulala na wasichana wadogo. Walimu wanaokaa na watoto wa bweni wanajua saa zile baada ya taa kuzimwa, mtoto anapokumbuka nyumbani na kuanza kulia kimyakimya. Katika bweni lile kulikuwa na nyanya. Aliwasimulia hadithi. Na usiku huo huo mama mjamzito akimhitaji, bado alikwenda kusaidia.

Neno dogo kwa akina mama walio hapa, kabla ya kuendelea. Kumsifu mkunga wa zamani si kumwambia mtu yeyote ajifungulie nyumbani. Wakunga wenye busara siku hizi humshika mama mkono na kumpeleka kituo cha afya, na hapa Eldoret vituo vipo hadi hospitali kuu ya rufaa. Gogo mwenyewe, alipoulizwa akiwa na miaka 98 angependa kuwa nani akimaliza masomo, alisema daktari.

Kwa nini alitaka kusoma? Alitaja mambo matatu, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza lilikuwa Biblia. Alitaka kuisoma kwa macho yake. Waumini wazee waliokaa hapa wanaelewa jambo hili bila maelezo. Kwa miaka mingi mtu anakaa kwenye benchi kanisani, msomaji anasimama, anafungua, anasoma, anafunga. Mama mzee anasikia na kuitikia amina. Akifika nyumbani hawezi kurudia mstari uliomgusa hadi mjukuu atoke shule na awe na hamu ya kumsomea. Mjukuu akiwa na haraka anaruka mistari. Mtu anayetegemea macho ya mwingine huomba hata neno la Mungu kama anayeomba chumvi kwa jirani.

La pili lilikuwa ujuzi wake. Alijua dawa za miti shamba na alijua kazi ya kuzalisha, na alitaka kuviandika ili avirithishe. Watu wengi walipita jambo hili haraka. Mkunga asiyeandika hubeba kila kitu kichwani: ni jani gani, ni kiasi gani, limchemke muda gani, mama yupi alitoka damu nyingi mara ya kwanza na anahitaji uangalizi mara ya pili. Akifa, yote yanazikwa naye. Gogo alikuwa ameshuhudia rika lake likipungua mmoja mmoja na kuondoka na mambo yao.

La tatu lilikuwa hao watoto wa njiani, hasa wasichana waliozaa mapema. Alipozungumza na UNESCO alisema kwamba mtu asiye na elimu hana tofauti na kuku. Ni maneno makali. Wapo hapa watu ambao mama zao hawakuona mlango wa shule na waliwalea, wakawavisha, wakawasomesha, na hawakuwa kuku hata siku moja. Lakini ni vizuri kukumbuka nani aliyesema. Alikuwa mwanamke aliyeishi bila kusoma kwa zaidi ya miaka themanini. Alikuwa akijisema mwenyewe, na ukali ule ulikuwa uchungu wake.

Wakazi wa Eldoret wana sababu nyingine ya kumkumbuka, nayo iko ndani ya mji huu. Tarehe 12 Januari 2004, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki kuondoa karo katika shule za msingi, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyesema ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Alikuwa amepigana vita vya Mau Mau. Suruali yake ya sare aliikata ikawa kaptula, na soksi akavuta hadi magotini kama watoto wengine. Mwalimu mkuu Jane Obinchu alimpokea, na si kila mtu alipenda uamuzi huo. Guinness wakamwandika kama mtu mzee zaidi duniani kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu, na mwaka huo huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa ukikutana, akitetea elimu ya msingi ya bure.

Naye alitaka kusoma Biblia. Alishuku kwamba wahubiri hawasemi kilichoandikwa, akataka kuhakikisha.

Kisha ikaja ghasia ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Wengi waliopo hapa waliipitia na hakuna haja ya kuisimulia. Mzee Maruge alipoteza mali yake na akaishi kambini pamoja na waliofukuzwa makwao. Shule ilikuwa umbali wa kilomita nne. Alikwenda kila siku. Baadaye mwaka huo alihamia Nairobi, akaendelea na masomo huko akiishi katika makao ya wazee, na mwaka 2009 akabatizwa na kuitwa Stephen. Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka huo kwa saratani ya tumbo.

Mwaka mmoja hivi baadaye, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, bibi wa Ndalat akaomba dawati. Mmoja alikuwa Mkikuyu, mwingine Mkalenjin. Walizeeka katika nyanda hizi hizi, zilizomwaga damu kwa sababu ya makabila, na walipofika mwisho wa maisha walitaka kitu kimoja. Wanaopenda kuwagawa watu wa hapa hawajawahi kupata la kusema juu ya hilo.

Kuna tofauti moja kati yao, na ndiyo inayomfanya Gogo astahili kuitwa mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki kama mwajiriwa. Maruge aliitetea haki ya kila mtu kusoma, na alifanya vyema. Gogo alitaja waziwazi nani hasa aliyeachwa nje. Alipotembelewa na wanahabari hakuzungumza sana juu yake mwenyewe. Alizungumza juu ya wasichana. Mtengenezaji filamu Mfaransa Pascal Plisson alimfuata na kamera, akatengeneza filamu iliyoitwa kwa jina lake, Gogo, na ndani yake anaonekana akijiandaa kwa mtihani huku akisukuma jambo lingine: kujengwa kwa bweni jipya la wasichana wanaotoka vijiji vya mbali. Mwenye umri ule angeweza kuomba blanketi au ng'ombe wa maziwa, na angepewa.

Bweni. Walimu wa maeneo ya mashambani wanajua kwa nini. Msichana anayetembea alfajiri gizani na kurudi jioni gizani hukutana na mambo njiani. Lifti ya pikipiki leo, soda kesho, na baada ya miezi kadhaa mkunga anaitwa. Gogo aliujua mnyororo huo kuanzia mwisho wake, naye akaenda kuukata mwanzoni.

Mwalimu mkuu wake, David Kinyanjui, alisema mwaka 2015 kwamba ameona tofauti kubwa shuleni tangu bibi huyo aje, na kwamba kila mtoto alitaka kusoma naye na kucheza naye. Hilo linaaminika kwa urahisi. Mtoto anayeona hesabu ni ngumu atasema nini, wakati dawati la pili ameketi mtu aliyemkata kitovu, anahangaika na hesabu hiyo hiyo na haondoki?

Sasa yapo mambo ambayo kila mzazi hapa anapaswa kuyajua, kwa sababu wasichana wale wa Gogo wako pia Langas, Huruma, Munyaka, Turbo, Moiben na Kesses.

Sera ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni ilianza Kenya mwaka 1994. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya wa kurejea shuleni. Mimba si sababu ya kumfukuza mwanafunzi. Akijifungua, nafasi yake ipo. Kama anaona aibu kurudi shule ile ile, anaweza kusaidiwa kupata nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kila mtoto lazima asome, na mzazi anayemzuia anavunja sheria. Sheria hii haikuwaandikia wavulana peke yao.

Wazazi wengi wanajua haya na bado binti yuko jikoni. Wengine wanasema ameshapata adhabu yake. Wengine hawana wa kumwachia mtoto mchanga, na hilo ni tatizo la kweli lisilotatuliwa kwa hotuba. Kama nyanya yupo nyumbani na ana nguvu, mara nyingi yeye ndiye jibu. Familia zilizofanikiwa mara nyingi zilifanya hivyo: nyanya alimbeba mtoto, mama yake akabeba vitabu. Watoto wakifikisha umri wa chekechea, shule za awali ziko chini ya serikali ya kaunti, na zipo hadi vijijini.

Na wale ambao muda umewapita kabisa, waliozidi umri wa kukaa na watoto, wana madarasa ya elimu ya watu wazima. Hakuna umri wa mwisho. Anayetaka kusoma ili asome ujumbe wa simu bila kumpa mtu mwingine aone siri zake, anakaribishwa. Anayetaka kuweka sahihi yake badala ya kidole gumba, vilevile. Anayetaka kusoma Biblia au Kurani, au tu maandishi kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe ili asimpe kipimo cha kumuua, aje. Hakuna atakayeulizwa kwa nini amechelewa.

Januari mwaka 2022 Gogo alikuwa na miaka 98 na bado alikuwa darasani, sasa darasa la sita. Wanahabari walipofika walimkuta katika sare yake na sweta la kijani kibichi, akiandika daftarini na kushiriki michezo pamoja na watoto waliozaliwa baada ya yeye kupita miaka themanini na mitano. 

Alisoma mwaka wote. Novemba alipata matatizo ya kifua, akakosa masomo siku chache. Jumatano tarehe 16 Novemba 2022 alifariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 99. Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa karibu kuanza, na alikuwa akijiandaa kuifanya.

Walimu wa elimu ya watu wazima wako pale karibu na mlango, na daftari la kuandikisha liko juu ya meza. Asiyeweza kuandika jina lake ataandikiwa mara hii.